Jinsi ya Kupima na Kubadilisha Betri ya Simu Janja Bila Kuvunja Kioo wala Kukata Fleksi

Wengi wanaoharibu simu wakati wa kubadilisha betri hawaiharibu kwenye betri. Kuchomoa konekta (plagi ndogo ya betri) ya zamani na kupachika mpya ni kazi ya sekunde chache. Simu huharibikia kwenye gundi. Kioo hupasuka kwa sababu kimevutwa kabla gundi haijalainika, fleksi (waya bapa mwembamba kama utepe unaounganisha sehemu za simu) hukatika kwa sababu mfuniko umenyanyuliwa kwa pupa, na betri hukunjika kwa sababu imebanduliwa kwa nguvu. Wapo pia wanaofanya yote sawasawa, kisha simu ikaendelea kuzima vilevile, kumbe ugonjwa haukuwa wa betri.

Mwongozo huu ni wa simu ambazo betri yake imebandikwa ndani, maana ndizo zinazowashinda watu. Kama mfuniko wa simu yako unafunguka kwa kucha, zinazokuhusu ni hatua ya 1, ya 2 na ya 9.

Tenga saa mbili ambazo hutahitaji simu wala kukimbilia popote.

## Vifaa

- Betri mpya (soma hatua ya 2 kabla ya kununua).
- Bisibisi ndogo za msalaba, PH00 na PH000. Kwa iPhone ongeza ya nyota ya pembe tano, P2, na kuanzia iPhone 7 ongeza ya ncha tatu, Y000.
- Kikausha nywele.
- Kipira cha kunyonya kioo, kile chenye pete ya kuvutia.
- Vipande vinne au vitano vya plastiki nyembamba, kama vile vya kupigia gitaa. Kadi ya zamani iliyokatwa pembetatu inafaa pia.
- Kijiti cha plastiki chenye ncha bapa, kwa ajili ya konekta.
- Kibano kidogo.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno.
- Utepe wa gundi wa pande mbili: mmoja wa betri, mwingine wa mfuniko uliokatwa kwa umbo la simu yako.
- Miwani ya kukinga macho.
- Chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, kikae karibu na mkono.
- Karatasi nyeupe na kalamu.

Kisu na bisibisi bapa ya chuma viache nje ya meza kabisa. Vikiwa karibu, mkono utavifuata gundi itakapogoma, na chuma chenye ncha ndicho kinachotoboa betri.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni betri

Betri iliyochakaa ina dalili zake. Asilimia zinaruka, mara 32, mara 9. Simu inazima ikiwa na asilimia 20 pale unapofungua kamera au kupiga picha kwa flashi. Inajaa upesi na kuisha upesi. Chanzo ni kwamba kadiri betri inavyozeeka, ukinzani wake wa ndani unaongezeka. Simu inapodai mkondo mwingi kwa mara moja, volti inaporomoka na simu inajizima, ingawa chaji ilikuwa bado imo.

Dalili nyingine hudhaniwa kuwa za betri na sizo. Chaji ikiingia kwa kukatikakatika, anza na waya na tundu la chaji. Nyuzi za mfukoni hujishindilia humo mpaka waya haufiki mwisho. Zitoe kwa kijiti cha mbao simu ikiwa imezimwa. Simu ikipata joto ikiwa imelala tu mezani, fungua orodha ya matumizi ya betri kwenye mipangilio. Mara nyingi utakuta programu moja inafanya kazi usiku kucha.

Kupima kwenye iPhone. Fungua mipangilio, ingia kwenye betri, kisha afya ya betri. Tangu iOS 11.3 ya mwaka 2018 utaona uwezo uliobaki kwa asilimia. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 baada ya mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika. Ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mmoja.

Kupima kwenye Android. Samsung wana programu ya Samsung Members, na ndani yake kuna sehemu ya uchunguzi inayokagua betri. Simu za Pixel za Google za karibuni zinaonyesha idadi ya mizunguko kwenye taarifa za simu. Kwa simu nyingine nyingi tumia programu ya AccuBattery, inayohesabu chaji inayoingia na kukadiria ujazo halisi. Usiamini namba ya siku ya kwanza. Chaji mara tano au sita, kila mara kutoka chini ya asilimia 20 hadi juu ya 80, ndipo makadirio yatulie.

Hesabu ni rahisi: ujazo uliopimwa, gawanya kwa ujazo wa kiwandani, zidisha kwa 100. Betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) inayopima 3900 ina afya ya asilimia 78.

Mimi hushika mstari huu: juu ya 85, usifungue simu, tafuta tatizo kwingine. Kati ya 80 na 85, badilisha kama simu inazima ghafla au haikufikishi jioni. Chini ya 80 pamoja na dalili, endelea.

Kagua kama imevimba. Ilaze simu juu ya kioo au meza iliyonyooka, kisha ibonyeze kona. Ikiyumba, au ukiona mwanya wa mwanga kati ya skrini na fremu, betri imejaa gesi. Acha kuichaji leo hii. Usiipashe joto, usiibonyeze irudi. Kama hujawahi kufungua simu, hii isiwe ya kwanza kwako. Mpe fundi aliyezoea, naye umweleze mapema kwamba imevimba.

## Hatua ya 2: Pata betri sahihi

Jina la simu halitoshi. Simu yenye jina moja huweza kuwa na matoleo mawili yenye betri tofauti, kwa hiyo chukua namba kamili ya modeli kwenye taarifa za simu. Betri nayo ina namba yake iliyochapwa juu: nyingi za Samsung huanza na EB-, za Xiaomi na BN au BM, za Tecno na Infinix na BL-. Namba ya betri mpya ifanane na ya zamani herufi kwa herufi.

Kisha soma volti. Lebo huwa na namba mbili: ya kawaida, mfano 3.85 V, na ya kikomo cha kuchaji, mfano 4.4 V. Ya pili ndiyo wanunuzi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye hatari. Simu huchaji hadi kikomo cha betri iliyotoka nayo kiwandani. Ukiiwekea betri yenye kikomo cha 4.2 V ilhali yenyewe inasukuma hadi 4.4, unaijaza kupita kiasi kila usiku, na mwisho wake ni joto na kuvimba.

Jihadhari na mAh za ajabu. Ujazo wa betri unatokana na ukubwa wake. Betri yenye urefu, upana na unene uleule haiwezi kutoka mAh 4000 hadi 6000 kwa kubadilishiwa lebo. Anayeuza hivyo amedanganya namba, na huenda amedanganya mengine pia.

Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri huzeeka hata ikiwa kwenye pakiti, na iliyokaa kabatini miaka mitatu si mpya.

Kwa wenye iPhone XS, XR na za baadaye: betri isiyo ya Apple italeta ujumbe kwamba simu haikuweza kuithibitisha, na namba ya afya haitaaminika au haitaonekana. Simu itafanya kazi. Ni vizuri ujue mapema, usije ukadhani umekosea kufunga.

## Hatua ya 3: Andaa simu na meza

Hifadhi nakala ya picha, namba na jumbe zako mahali pengine. Fanya hivi hata kama una uhakika na mikono yako.

Tumia simu hadi chaji ishuke chini ya asilimia 25. Betri iliyojaa ikitobolewa huweza kulipuka moto kwa ukali. Iliyokaribia kuisha ina nishati ndogo ya kuulisha moto huo. Baada ya hapo zima simu na utoe trei ya laini, kwa sababu kwenye simu nyingine trei hushika bodi, yaani sahani ya saketi iliyo ndani ya simu.

Tafuta picha au video ya modeli yako hasa ikifunguliwa. Unataka kujua mambo mawili: inafunguliwa upande gani, na fleksi iko wapi. Android nyingi hufunguliwa kwa nyuma. iPhone nyingi hufunguliwa kwa mbele, lakini si zote. Kufungua upande usio sahihi ni kuua skrini nzima bure.

Na kama simu yako ina kinga ya maji, ihesabu kuwa imepotea kuanzia utakapoifungua. Utepe mpya utazuia vumbi na matone. Usiitumbukize tena majini.

## Hatua ya 4: Fungua mfuniko

Kama kioo kina ufa, kwanza kibandike selotepu pana juu yake chote, la sivyo kipira hakitanata na vipande vitaruka.

Washa kikausha nywele, zungusha joto kwenye kingo kwa dakika 2 hadi 3, bila kutua sehemu moja. Unatafuta nyuzi joto 60 hadi 80. Kipimo cha mkono: kingo ziwe za moto kiasi kwamba kidole hakivumilii kukaa, lakini hakiungui kwa kugusa. Huna sababu ya kupasha katikati, kwa sababu huko kuna betri na skrini.

Bandika kipira karibu na ukingo wa chini, si katikati. Katikati kioo kinapinda na nguvu yako yote inapotea. Vuta kwa nguvu isiyobadilika na usikurupue. Subiri hata sekunde 30. Gundi yenye moto huachia taratibu, na subira hii ya sekunde 30 ndiyo inayookoa vioo.

Mwanya ukitokea, chomeka kipande cha plastiki milimita 2 au 3, usizidishe. Dondosha tone moja la spiriti kwenye mwanya. Telezesha kipande kufuata ukingo, kiache hapo, chukua kingine. Vipande vinavyobaki vinazuia gundi isishike tena nyuma yako. Ukihisi ugumu, rudisha joto. Nguvu ikianza kuongezeka mkononi, ujue joto limepungua kwenye gundi.

Gundi ikiachia pande zote, simama. Usinyanyue. Hapa ndipo niliwahi kukata fleksi ya alama ya kidole kwenye simu ambayo hadi wakati huo ilikuwa imefunguka bila mkwaruzo. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, na mimi nilikuwa nimeshafurahi. Fungua kidogo kama kitabu, chungulia kwa tochi, uone fleksi imefungwa upande gani, ndipo ukunjue kwa upande huo.

Mafanikio hapa: hukusikia mlio wowote wa kioo, na fleksi ina ulegevu.

## Hatua ya 5: Skrubu, kisha konekta ya betri

Chora umbo la simu kwenye karatasi. Kila skrubu unayotoa iweke mahali pake kwenye mchoro. Zinafanana, lakini urefu hutofautiana kwa sehemu ya milimita. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa tabaka za saketi ndani ya bodi, na simu hufa hapohapo huku betri mpya ikiwa nzima.

Ondoa bati linalofunika konekta. Kitu cha kwanza kuchomoa ni konekta ya betri, kabla ya skrini, kabla ya kamera, kabla ya chochote. Tumia kijiti cha plastiki, ingiza ncha ukingoni, nyanyua kwenda juu moja kwa moja. Usisukume upande. Vishikizo vyake vidogo viko juu ya bodi na hung'oka pamoja na konekta.

Sababu ya mpangilio huu ni kwamba betri ikiwa bado imeunganishwa, bodi ina umeme ingawa simu imezimwa. Fleksi ya skrini ikichomolewa vibaya ikagusana, mwanga wa skrini unaweza kuungua, na kosa hilo hutaliona hadi utakapofunga.

## Hatua ya 6: Bandua betri ya zamani

Vaa miwani. Hii ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, basi ifanye polepole kuliko zote.

Simu nyingi zina vitepe vya kuvuta chini ya betri. Shika ncha kwa kibano, kisha kwa vidole, uvute ukiwa umelaza mkono karibu sambamba na simu. Kitepe kitarefuka kama ubani uliotafunwa. Endelea kwa mwendo uleule. Ukivuta kwa juu, kitakatika.

Kikikatika, au kama simu yako haina vitepe, tumia spiriti. Inamisha simu kidogo, dondosha matone kadhaa kandokando ya betri, subiri dakika 2 au 3 ipenye. Ingiza kadi ya plastiki upande ulio mbali na bodi, sukuma kidogo, toa, ongeza spiriti, subiri tena. Uzi wa meno ukipitishwa chini ya betri kwa kukata kama msumeno nao hufanya kazi vizuri. Inaweza kuchukua dakika 20. Iache ichukue.

Betri isikunjwe. Ndani yake kuna matabaka membamba yaliyotenganishwa na ngozi nyembamba zaidi. Yakigusana, umeme hupita moja kwa moja na joto hupanda lenyewe bila kusimama. Ukiona moshi, ukisikia mfoko, au ukinusa harufu tamu inayofanana na ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, acha kila kitu. Iweke kwenye mchanga, toa chombo nje, na usivute moshi wake, ni sumu.

Ikitoka ikiwa imepinda, hata kama inaonekana nzima, isirudi tena kwenye simu yoyote.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kubandika

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa hukulazimisha kuanza upya na hatua ya 4.

Futa mabaki ya gundi kwa spiriti, acha pakauke. Laza betri mpya bila gundi, linganisha konekta, bonyeza kwa kidole mpaka usikie imeingia. Ikikataa, inyanyue upange upya. Konekta iliyokaa sawa haihitaji nguvu. Unganisha skrini kama uliitoa, kisha washa.

Betri mpya kwa kawaida hufika na chaji ndogo, kwa hiyo isipowaka mara moja, iunganishe na chaja na usubiri dakika 15. Ikishawaka kagua mguso wa skrini pembe zote, alama ya kidole, kamera zote, spika, maiki, mtandao, na kwamba chaji inaingia. Ikigoma kuwaka kabisa, makosa ni machache: konekta haijakaa, au fleksi ya skrini imelegea. Rudia zote kabla ya kuilaumu betri.

Kila kitu kikifanya kazi, zima, chomoa betri tena, uendelee.

## Hatua ya 8: Bandika na ufunge

Bandika utepe wa betri kwenye fremu, laza betri huku konekta ikiwa imeshaelekea mahali pake, bonyeza kwa kiganja. Hakikisha hakuna skrubu wala chembe iliyobaki chini yake. Chembe moja itaitoboa siku simu itakapokaliwa.

Usitumie gundi kali ya kukauka papo hapo chini ya betri. Atakayeibandua mara ijayo, pengine wewe, atalazimika kuikunja.

Rudisha bati na skrubu kwa kufuata mchoro. Weka utepe mpya wa mfuniko, au gundi ya B-7000 kwa mstari mwembamba ukingoni. Ukizidisha itaingia kwenye spika. Funga, weka vitabu vizito juu kwa saa kadhaa. B-7000 huchukua siku nzima au zaidi kushika kabisa.

Imefaulu kama kucha haiingii kwenye kiungo popote na simu haiyumbi mezani.

## Hatua ya 9: Ifundishe simu betri mpya, kisha ipime

Simu haina dirisha la kuchungulia ndani ya betri. Inahesabu umeme unaoingia na kutoka, na kwa sasa bado inakumbuka hesabu za ile ya zamani. Chaji hadi 100, iache kwenye chaja saa moja zaidi. Itumie mpaka izime yenyewe. Chaji tena hadi 100 bila kukatiza. Mara moja inatosha. Kuimaliza betri hadi sifuri kila wiki kunaichakaza.

Siku mbili tatu za kwanza asilimia zinaweza kuyumba. Baada ya wiki, pima kama ulivyopima hatua ya 1. Betri nzuri hukaribia ujazo ulioandikwa. Mpya inayopima asilimia 80 ni kuukuu iliyobandikwa lebo, irudishe ungali na risiti. Ichunguze pia wakati wa kuchaji. Uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, iondoe kwenye chaja.

## Betri uliyoitoa

Funika konekta yake kwa selotepu leo hiihii, kwa sababu ncha zikigusa chuma huweza kuwaka. Iweke kwenye kile chombo chenye mchanga, mbali na vitanda, mapazia na watoto. Usiitupe kwenye taka za kawaida. Magari ya taka hugandamiza mizigo yao, na betri iliyogandamizwa huwasha karatasi zote zilizoizunguka. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, au kwa fundi anayezikusanya, na ukiwa unamkabidhi mwambie kama imepinda au imevimba.